Uingereza na kazi ya kukanda nyayo: leseni inatakiwa au haitakiwi?

Marahaba mdogo wangu, na pole na shifti za usiku.

Niliweke swali lako kwa kifupi ili na wengine wafuate. Dada huyu yuko Barking, London mashariki, ni kea kwenye nyumba ya wazee, ana makaratasi ya kudumu, na kamaliza diploma ya level 3 ya refleksolojia, ndo hiyo tiba ya kukanda nyayo, kwa kusoma jioni jioni. Sasa anataka aanze kupokea wateja wikiendi. Mwenzake wa kazini kamwambia serikali ya Uingereza haiitambui hiyo kazi na akikamatwa hana leseni ni kesi, mwalimu wake wa kozi kamwambia kinyume kabisa, kwamba hahitaji chochote, achape vipeperushi aanze. Anauliza nani mkweli, serikali inambana kiasi gani, na mwisho kama cheti hicho kitamfaa akirudi Dar. Kipeperushi chenyewe pia kanitumia, tutakifikia.

Kwa kweli wote wawili wameshika nusu nusu. Hakuna sheria ya nchi hapa inayokataza mtu kumkanda mwenzake nyayo kwa malipo bila leseni ya taifa, na jina la refleksolojisti halilindwi kabisa, yani hata jirani yako ambaye hajasoma siku moja akiamka kesho akabandika kibao dirishani "refleksolojisti" hajavunja sheria kwa kutumia hilo jina tu. Ni utaratibu wao wa zamani, ule uliojengwa na mahakama na sio bunge, kwamba lisilokatazwa linaruhusiwa, na tiba nayo imo humo humo ilimradi hujiiti daktari uliyesajiliwa wala hugusi zile kazi zilizofungiwa watu maalum. Lakini usishangilie mapema. Serikali ya hapa haikushiki mikono, inakushika mdomo. Unachokifanya kwenye miguu ya mteja hakuna anayekuja kukupimia, ila unachosema kwamba mikono yako inaweza, hapo ndo wanapokuja, na wanakuja na sheria zisizo na neno refleksolojia hata mahali pamoja, ndo maana watu wengi hawazioni mpaka ziwakute.

Ili uelewe kwanini imekuwa hivi lazima turudi nyuma kidogo. Miaka ya 90 bunge lilitunga sheria mbili, ya maosteopathi mwaka 1993 na ya makairopraktiki mwaka 1994, wote watu wa kunyoosha viungo na mgongo kwa mikono, na hao wakapata mabaraza yao ya kisheria na majina yao yakalindwa, leo mtu akijiita osteopathi bila kusajiliwa ni kosa la jinai. Wengine wote wakabaki nje wanagonga mlango. Novemba 2000 ikatoka ripoti ya kamati ya sayansi na teknolojia ya House of Lords, lile baraza la juu la bunge, kamati ndogo iliyoifanya kazi ikiongozwa na Lord Walton ambaye mwenyewe alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu, na mpaka leo ukiona jambo lolote la sera ya tiba mbadala hapa Uingereza mizizi yake utaikuta kwenye ile ripoti. Walizigawa tiba makundi matatu. La kwanza ni zile zenye mafunzo marefu na zinazodai kupima na kutibu zenyewe: osteopathi, kairopraktiki, akupancha ya kuchoma sindano, mitishamba, homiopathi. La pili ndo letu, refleksolojia, masaji, aromatherapia na wenzake, wakasema hizi ni za kusaidia matibabu ya kawaida na hazidai kutaja ugonjwa. La tatu wakaweka zile walizoziona hazina ushahidi, na humo wakaichanganya Ayurveda, tiba asili ya Kihindi, na tiba ya Kichina kapu moja na watu wa mawe ya kristali, jambo ambalo wenye Ayurveda hawakulipenda na mi nawaelewa kabisa.

Sasa hilo kundi la pili lina utamu na uchungu wake. Utamu ni kwamba hakuna aliyependekeza tufungiwe, walituona hatuna hatari kubwa. Uchungu ni kwamba kwa sababu hiyo hiyo hakuna aliyeona haja ya kututungia sheria. Tuliambiwa jipangeni wenyewe, muwe na chombo kimoja na viwango vya elimu, serikali ikajibu Machi 2001 ikikubali sehemu kubwa ya hayo. Na kujipanga wenyewe ilikuwa kazi kwelikweli, manake wakati ule kila chama cha refleksolojia kilikuwa na silabasi yake na kila mwalimu na mchoro wake wa nyayo, huyu anakuonyesha ini hapa, yule anakuonyesha pale. Baadae Wizara ya Afya ikatoa pauni 900,000 kati ya 2005 na 2008 kwa taasisi ya Prince Charles, ambaye sasa ndo mfalme, kusaidia hizi tiba zijiundie usimamizi, na matunda yake ni Complementary and Natural Healthcare Council, wenyewe tunaiita CNHC, rejista ya watu wa tiba hizi, iliyoundwa mwaka 2008. Kumbuka ni ya hiari. Unajiunga ukitaka, usipotaka hakuna anayekufuata.

Mwalimu wako hapo ndo alipoishia, "ni ya hiari". Ni kweli lakini amekuacha njiani. Sheria ya afya ya mwaka 2012 ilianzisha utaratibu wa kuzipa ithibati hizi rejista za hiari, chombo kinachotoa hiyo ithibati ni Professional Standards Authority, ambacho ndo hicho hicho kinachosimamia mabaraza ya madaktari na manesi, na CNHC ikaipata mwaka 2013. Usiielewe vibaya ithibati yenyewe: haisemi refleksolojia inaponya. Inasema rejista inaendeshwa vizuri, waliomo wamesoma, wana bima, wana kanuni za maadili na kuna mahali mteja anaweza kulalamika na akasikilizwa. Toka 2021 wameongeza kipimo kingine kabisa cha mwanzo, wanapima kama faida za hiyo huduma kwa umma zinazidi hatari zake, na wanaangalia pia matangazo ya wanachama. Kwahiyo hata chama chenyewe sa hivi kina sababu ya kukuchunga mdomo, manake ukiharibu wewe inaandikwa rejista nzima.

Kujiunga au kutojiunga? Jiunge. Sikwambii hivo kwa ajili ya cheti cha ukutani, nakwambia kwa sababu hospitali, hospisi zinazotunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, na hata kliniki za watu binafsi zenye akili swali lao la kwanza ni "uko CNHC?" na usipokuwepo mazungumzo yanaishia hapo. Chama cha fani, mfano Association of Reflexologists ambacho kipo toka 1984, ni kitu kingine tofauti, hicho ni cha kukutetea, kukupa bima ya bei nafuu na mafunzo. Wengine wana vyote viwili. Ila kabla hujalipa popote hakikisha diploma yako ilikuwa na mazoezi ya ana kwa ana na wateja wa majaribio walioandikiwa kumbukumbu, kwa sababu siku hizi kuna kozi za mtandaoni za wikiendi moja zinauzwa bei ya viatu na cheti kinakuja na muhuri wa dhahabu, halafu mtu anafika kwenye rejista anaambiwa hatukujui.

Haya, kipeperushi. Umeandika: "Tunatibu sukari, presha, fibroidi, tunazibua mirija ya uzazi, tunatoa sumu mwilini, tunapima magonjwa yote kupitia nyayo bila kupasuliwa. Daktari bingwa wa nyayo." Mdogo wangu, hapo umevunja karibu kila kitu kinachovunjika, na sikulaumu, hii ndo lugha ya mabango tuliyokua nayo toka Kariakoo mpaka Gikomba. Lakini hapa hiyo karatasi ukiibandika kwenye duka la vyakula vya Kiafrika kuna mtu ataipiga picha.

Anza na "daktari bingwa", futa kabla hata hujamaliza kusoma sentensi hii. Kujifanya daktari aliyesajiliwa ni kosa chini ya sheria ya madaktari ya 1983 na hapo hakuna cha onyo kwanza. "Kupima magonjwa" nayo iondoke, si umeona lile kundi la pili lilivyoelezwa? Msingi wote wa sisi kuachwa huru ni kwamba hatutaji ugonjwa. Ukimbonyeza mteja chini ya kidole gumba akaruka, huwezi kumwambia una tatizo la tezi. Waweza kuandika kwenye kadi "sehemu hii ina maumivu ukiigusa", basi.

Sukari, presha, fibroidi na mirija ndo uwanja wa Advertising Standards Authority, ASA. Hawa ndo wasimamizi wa matangazo, na toka tarehe 1 Machi 2011 mamlaka yao yanagusa mpaka websaiti yako mwenyewe na kurasa zako za mitandao, sio tu gazeti na redio kama zamani. Ule mwaka ulikuwa mgumu kwenye fani yetu, likatokea kundi la wakosoaji lililojiita Nightingale Collaboration, likaanza kupeleka malalamiko kwa wingi dhidi ya watu wa tiba mbadala, websaiti moja baada ya nyingine, na watu wakajikuta wanaandika upya kurasa walizokuwa nazo miaka. Kanuni yenyewe ni rahisi kuielewa ingawa inauma: ukidai kitu kuhusu afya lazima uwe na ushahidi wa utafiti mkononi kabla ya kutangaza. Na wao wameshaangalia ushahidi wa refleksolojia, wanakubali useme inasaidia mtu kupumzika, kupunguza mkazo, kulala vizuri, kuinua hali ya moyo na kujisikia vizuri. Zaidi ya hapo ni kujitafutia. Kuna kanuni nyingine nzito zaidi, kwamba tangazo lisimvute mtu mwenye ugonjwa unaohitaji daktari akaacha matibabu yake, na sukari na presha ziko humo moja kwa moja.

Na zile shuhuda unazoweka Instagram, "nilikuja sipati mtoto sasa nina mapacha"? Watu wetu tunapenda sana shuhuda, tumezizoea toka kanisani, lakini ASA hawajali kama ni maneno ya mteja, ukiyaweka kwenye ukurasa wa biashara yako yamekuwa madai yako na unaulizwa ushahidi wewe.

Utaniuliza ASA watanifanya nini, wanapiga faini? Hapana, hawana faini. Wanachapisha uamuzi na jina lako, linakaa kwenye gugo kila mteja akikutafuta analikuta, na ukikaidi wanakupeleka kwa Trading Standards, maafisa wa kulinda wanunuzi, na hao sasa wana meno. Mpaka juzi walitumia kanuni za 2008 za biashara isiyo ya haki, kuanzia Aprili 2025 zimechukuliwa nafasi na sheria mpya ya 2024, na kudai kwa uongo kwamba kitu kinaponya ugonjwa kumo kwenye orodha ya mambo yaliyopigwa marufuku moja kwa moja, yani hawahitaji hata kuthibitisha kwamba kuna mteja alidanganyika.

Hukuandika saratani na nimeshukuru, lakini nakutahadharisha kwa sababu wateja watakuomba. Kuna sheria ya mwaka 1939, Cancer Act, kifungu cha 4, ya zamani lakini hai, inakataza kutangaza kwa umma kwamba unatibu saratani. Watu wameshapelekwa mahakamani kwa hiyo. Kumkanda mgonjwa wa saratani miguu ili apumzike inaruhusiwa na inafanyika kila siku kwenye hospisi, kutangaza kwamba unamtibu hiyo saratani ndo kesi.

Kwahiyo kipeperushi chako kiwe hivi: "Refleksolojia, saa moja ya kukandwa miguu kwa utulivu. Upumzike, upunguze mkazo, ulale vizuri. Nina diploma na bima. Ukiwa na ugonjwa endelea na dawa zako na umuone daktari wako." Najua utasema mbona hakina nguvu, nani atakuja. Watakuja. Wanesi wa shifti za usiku, wasafishaji, kina mama wenye watoto wadogo, watu waliochoka London wako wengi kuliko wenye fibroidi.

Mwenyewe kama mtu wa fani nikuambie ukweli kuhusu ushahidi, kwa sababu sera yote hii imejengwa hapo na watu wetu hawapendi kuusikia. Edzard Ernst, yule profesa wa tiba saidizi wa Exeter, alipitia majaribio yaliyokuwepo akaandika 2009 kwamba hakuna ushahidi wa kuridhisha kwamba refleksolojia inatibu ugonjwa wowote. Wenzangu wengi walimchukia, mi naona alisoma kilichokuwepo. Upande wa pili 2012 kina Gwen Wyatt wa Michigan State kule Marekani walitoa jaribio kubwa la wanawake wenye saratani ya matiti iliyofika mbali, waliokandwa walipata nafuu ya kupumua na waliweza shughuli za kila siku vizuri zaidi kuliko waliopewa matibabu ya kawaida peke yake. Ukiangalia vizuri hayo mawili hayapigani, moja linazungumzia kuponya, lingine linazungumzia kumpa mgonjwa unafuu. Sera ya Uingereza inatukaza tukae kwenye unafuu na mi sioni kama tumeonewa hapo. Tulipoonewa ni kwingine, nakuja.

Mlango sasa, hii ndo inakuhusu wewe wa Barking hasa na ndo mwenzako wa kazini alisikia kipande chake. London ina sheria yake, London Local Authorities Act ya 1991, inayoruhusu manispaa kudai leseni ya huduma maalum kwa sehemu zinazofanya masaji, manikyua, akupancha, tatuu na mengine ya namna hiyo, na refleksolojia manispaa nyingi wanaihesabu humo. Leseni ni ya jengo, na mara nyingi wanataka na jina la kila anayetoa huduma. Anakuja afisa na fomu yake, anaangalia sinki la kunawia la karibu lenye maji ya moto, taulo safi zinakaa wapi na chafu zinaenda wapi, kitanda kama kinafutika, cheti chako cha asili sio fotokopi, cheti cha bima, kadi za wateja zinafungiwa wapi. Hata ukipokea watu sebuleni kwako inaweza kukuhusu. Lakini, na hili mwenzako hakulijua, sheria hiyo hiyo ina msamaha kwa wanachama wa vyama vya watoa huduma za afya ambavyo manispaa imevikubali, ndo sababu nyingine ya kuwa mwanachama mahali. Orodha ni ya kila manispaa, Barking na Dagenham wana yao, Newham wana yao, usimuulize mtu Facebook, waandikie barua pepe kitengo cha leseni na majibu yao uyahifadhi. Ukifanya bila leseni mahali inapotakiwa ni kosa kweli, hapo mwenzako yuko sawa. Ukitoka nje ya London habari inabadilika, miji mingi haina hiyo, na Wales ambao walianzisha leseni zao mpya mwishoni mwa 2024 waliweka akupancha, tatuu, kutoboa mwili na elektrolisisi ya kuondoa nywele kwa umeme, sisi hatumo.

Viza umeshavuka, una makaratasi ya kudumu, lakini naweka hapa kwa ajili ya wadogo zangu wa viza ya mwanafunzi wanaoniuliza kila siku: huruhusiwi kujiajiri, kabisa, hata mteja mmoja wa pauni thelathini, na refleksolojia ya wikiendi ni kujiajiri. Msije mkaharibu viza kwa miguu ya watu.

Mfukoni. Kodi ya mapato utajisajili HMRC, mamlaka ya kodi ya hapa, ukipita pauni 1,000 za mauzo kwa mwaka, hilo la kila mtu. Ile tofauti ya sera iko kwenye VAT. Osteopathi na kairopraktiki, kwa sababu wana sheria yao, huduma yao ya afya haitozwi VAT. Sisi rejista yetu ni ya hiari kwahiyo hatuna huo msamaha, ukifika kiwango cha pauni 90,000 kwa mwaka unaongeza asilimia 20 juu ya bei au unaikata kwenye mfuko wako. Kwa bei ya pauni 45 ni vikao 2,000, wikiendi zako hazitafika huko, usipoteze usingizi. Ila mwenye kliniki yenye vitanda vinne anaijua hiyo namba kama jina la mwanae, na hapo ndo unaona gharama ya kukaa kundi la pili.

Na corona ilituonyesha vizuri kabisa serikali inatuweka wapi. Ilipofika wakati wa kufungua, England sisi tulipangwa kwenye huduma za kugusana karibu, fungu moja na kucha, tatuu na spa, tukafunguliwa tarehe 13 Julai 2020, tukafungwa tena Novemba, na kufungwa kule kwa mwisho mpaka 12 Aprili 2021. Osteopathi mtaa huo huo alikuwa anapokea wagonjwa kwa sababu yeye ni mtaalamu wa afya kisheria. Mtu wa CNHC mwenye rejista iliyopewa ithibati na chombo kilichoundwa kwa sheria yao wenyewe amekaa nyumbani anahesabiwa na saluni. Hapo ndo niliposema tumeonewa. Ukinitaka nijiheshimu kama mtu wa afya siku ya matangazo, nihesabu mtu wa afya na siku ya kufunga milango. Hasira ilikuwepo na bado ipo.

Je NHS, huduma ya afya ya umma? Watu wanadhani NHS imetukataza, hapana, haijakataza wala haijaamuru, kila hospitali na bajeti yake. Utaikuta refleksolojia kwenye huduma za saratani, The Christie ya Manchester wana timu ya siku nyingi ya tiba saidizi, kwenye hospisi, na baadhi ya wodi za wazazi wakunga wengine wamesomea. Nyingi zinaendeshwa kwa hela za misaada na watu wa kujitolea. Mwaka 2019 NHS ilipokuja na mpango wake mrefu na wale wafanyakazi wa kumuunganisha mgonjwa na huduma za mtaani, fani yetu ilitegemea mlango utafunguka, kwa ninavyoona umefunguka zaidi kwa vikundi vya bustani na mazoezi. Wewe kea una bahati, upo tayari ndani ya nyumba ya wazee. Usianze kumkanda mkazi yeyote kwa kificho, mwambie meneja, peleka rejista na bima, iandikwe kwenye mpango wa huduma wa mkazi, ridhaa yake au ya familia iwepo. Angalia mguu kwanza, wazee wenye sukari wanakuwa na vidonda wasivyovisikia, mguu mmoja ukiwa umevimba, una joto na unauma usiuguse, muite nesi, inaweza kuwa damu imeganda.

Na likitokea hili, litatokea, mteja anakuambia kwa furaha "dada toka nianze kuja kwako nimeacha Metformin", yani dawa yake ya sukari, usicheke naye. Simamisha mikono, mwambie arudi kwa GP, daktari wake wa mtaa, wiki hiyo hiyo, andika kwenye kadi siku na ulichomwambia. Hiyo kadi ndo wakili wako.

Kuhusu wewe kusubiri serikali ije itutambue rasmi, usisubiri. Ile ripoti ya 2000 ilipendekeza akupancha na mitishamba ziwekewe sheria. Mwaka 2011 waziri wa afya Andrew Lansley akatangaza bungeni watu wa mitishamba watasajiliwa kisheria, 2015 serikali hiyo hiyo ya chama chake ikarudi nyuma. Wale walikuwa kundi la kwanza na wameahidiwa mdomoni mwa waziri, na bado. Sisi wa kundi la pili tuko nyuma yao kwenye foleni.

Dar sasa. Huko mambo yamegeuka juu chini, na ndo wengi wanaorudi wanapokwama. Tanzania bara ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala namba 23 ya 2002, na Baraza lake chini ya Wizara ya Afya, na pale usajili sio hiari. Unasajiliwa wewe, kinasajiliwa kituo chako, na tangazo nalo linapita kwa Baraza kwanza. Refleksolojia inaingia upande wa tiba mbadala. Utakumbuka mwishoni mwa 2015 kwenda 2016 Dk. Hamisi Kigwangalla alipokuwa naibu waziri alivyoingia kwenye vituo vya tiba mbadala na kupiga marufuku yale matangazo ya redioni na kwenye TV, watu wengi walikutwa kwenye kona ile ile ya kujiita madaktari na kutibu kila kitu. Zanzibar wana sheria na baraza lao, kusajiliwa bara hakukufikishi Unguja. Mwenzetu wa Kenya akisoma hapa, sheria yenu ya afya ya 2017 ina sehemu nzima ya tiba asili na mbadala na inataka bunge liunde chombo cha kuisimamia, fuatilia hapo.

Diploma yako ya hapa itakusaidia kama ushahidi wa mafunzo, haikupi usajili wenyewe. Kabla hujaondoka omba chuoni orodha ya masomo na saa za mazoezi kwenye karatasi yenye muhuri, na CNHC barua inayosema umesajiliwa toka lini na hujawahi kuwa na malalamiko, hizo ukiwa Dar kuzipata kwa simu ni mateso. Alafu ukifika usianze kwa kulipia fremu ya mwaka mzima Sinza, nenda kwanza kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri yako, yeye ndo atakuonyesha fomu ya sasa na ada ya sasa na kituo kinatakiwa kiweje. Kitanda kinunue huko huko, mafundi wa Keko wanakutengenezea kizuri kwa kipimo chako na hutalipia kontena.